Nani kaigusa redio? Dhambi ya asili na skrubu moja iliyobaki

Redio ya baba ilikuwa na kioo mbele, na nyuma ya kioo kulikuwa na mshale mwekundu uliotembea kushoto na kulia kila alipozungusha kitufe cha kutafutia stesheni. Nilikuwa na miaka minane. Mchana mmoja baba akiwa hayupo, mama yuko nje, niliishusha ile redio, nikaigeuza, nikafungua skrubu za kifuniko cha nyuma kwa ncha ya kisu. Nilitaka kuona mshale unasukumwa na nini. Kumbe ni uzi. Uzi mwembamba tu, umezungushwa kwenye vigurudumu, na nilipouvuta kidogo nione unavyofanya kazi, ukakatika. Mshale ukateleza, ukalala chini ya kioo.

Mpaka hapo naamini sikuwa nimetenda dhambi yoyote. Mtoto alitaka kujua kitu, akakiharibu. Ni kilichofuata ndicho ambacho nimekaa nacho miaka yote hii. Nilirudisha kifuniko, nikakaza skrubu tatu kati ya nne. Ya nne nilibaki nimeishika. Mdogo wangu, aliyekuwa na miaka mitano, alikuwa amelala chumbani, mdomo wazi kidogo, kiganja chini ya shavu. Nikaingia kwa kunyata, nikaiweka ile skrubu kando ya mto wake. Kisha nikatoka nje kucheza.

Baba alirudi mapema siku hiyo. Akawasha redio, akazungusha kitufe, mshale haukusogea. "Nani kaigusa redio yangu?" Sikumtaja mtu. Hakukuwa na haja. Mama ndiye aliyeikuta skrubu. Mdogo wangu aliamshwa, akaulizwa, akasema, "Sijui." Ametoka usingizini, anapepesa macho, chuma kimekutwa kando ya mto wake, na kweli hajui. Ile "sijui" ikachukuliwa kuwa ndiyo kukiri kwenyewe. Alichapwa fimbo nne. Nilisimama mlangoni nikazihesabu.

Nauliza swali hili kwa dhati, kwa sababu sijapata jibu linalonitosha: nani alinifundisha? Nyumbani kwetu uongo ulikuwa unaadhibiwa. Sikuwa nimeona mtu akimtegeshea mwenzake ushahidi wa kosa. Hakuna rafiki mbaya aliyeninong'oneza. Lile wazo lilikuja likiwa limekamilika, na mkono wangu uliifanya kazi ile bila kutetemeka, kama mkono uliokwisha kuifanya mara nyingi. Niliporudi baadaye kwenye mafundisho ya dini na kuambiwa kwamba binadamu huzaliwa akiwa na kitu kilichopinda ndani yake, sikuhitaji kushawishiwa. Nilishakutana nacho chumbani.

Lakini kukubali kwamba kitu kimepinda ni jambo moja, na kukubali kwamba tuna hatia kwa sababu ya Adamu ni jingine kabisa. Hapo ndipo nilipokwama, na kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma ili nijue hayo mawili yalikutanaje hata yakaitwa jina moja, dhambi ya asili.

Nilianza pale kila mtu anapoanzia, sura ya tatu ya kitabu cha Mwanzo, na nilishangaa ni mambo mangapi niliyodhani yamo ambayo hayamo. Tunda halitajwi jina. Tofaa tunaloliona kwenye picha lilitoka mbali na bustani ile. Katika Kilatini neno moja, malum, laweza kumaanisha tofaa na pia uovu, na pengine hilo lilisaidia wachoraji wa Ulaya kuchagua. Nyoka haitwi Shetani. Anatajwa kama mmoja wa wanyama wa mwitu waliofanywa na Mungu, ila mwerevu kuwapita wote. Ni Ufunuo wa Yohana, mwishoni kabisa mwa Biblia, unaozungumza juu ya "yule nyoka wa zamani" na kumwita Ibilisi na Shetani. Na neno lenyewe, dhambi, halimo katika sura ile hata mara moja. Linaonekana kwa mara ya kwanza sura ya nne, Mungu anapomwonya Kaini ambaye uso wake umekunjamana kwa wivu juu ya ndugu yake: "dhambi iko, inakuotea mlangoni."

Mlangoni. Niliposoma neno hilo nikiwa mtu mzima niliweka kitabu chini.

Kilichomo katika sura ya tatu, tena kwa undani wa kutisha, ni mazungumzo baada ya tendo. Mungu anauliza, "Uko wapi?" Hilo ndilo swali la kwanza analomwuliza mwanadamu katika Biblia nzima. Adamu anajibu kwamba aliogopa, akajificha. Anapoulizwa kama amekula, anasema: "Huyo mwanamke uliyenipa awe pamoja nami ndiye aliyenipa matunda ya mti huo, nikala." Angalia jinsi sentensi ile ilivyojengwa. Mwanamke yuko mbele. Mungu mwenyewe yumo katikati, katika lile "uliyenipa". Na kitenzi cha Adamu, "nikala", kimesukumwa mwisho kabisa, kidogo, kama skrubu iliyofichwa kiganjani. Mwanamke naye anamgeukia nyoka. Nyoka haulizwi kitu.

Kama kuna dhambi ya kwanza katika kisa kile, mimi naiona hapo. Kula tunda kulikuwa kuvunja amri, sikatai. Ila watu wawili waliokuwa mwili mmoja waliachana katika sentensi hiyo. Mmoja alimtanguliza mwenzake mbele ya adhabu. Sura moja baadaye, mtoto wao anamwua ndugu yake, na anapoulizwa yuko wapi anasema, "Sijui, mimi ni mlinzi wa ndugu yangu?" Wa nyumbani kwetu aliyesema "sijui" alikuwa mkweli. Aliyepaswa kuisema kwa uongo alikuwa mlangoni, kanyamaza.

Mtu aliyeyapa haya yote umbo la fundisho ni Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji ambao leo uko Algeria, akawa askofu wa Hippo, na kufa mwaka 430 mji wake ukiwa umezingirwa na Wavandali. Nampenda Augustino kwa sababu hakuanza na nadharia. Katika Maungamo yake, aliyoyaandika akiwa na umri wa miaka arobaini na kitu, anasimulia jinsi alivyoiba mapeasi akiwa na miaka kumi na sita, yeye na kundi la vijana wenzake, usiku. Nyumbani alikuwa na mapeasi mazuri zaidi. Walionja machache, mengine wakawatupia nguruwe. Kinachomsumbua miaka mingi baadaye ni kwamba hakuyataka yale matunda. Alitaka kuiba. Anachimba na kuchimba, kurasa kwa kurasa, juu ya mti mmoja wa mapeasi, na wapo waliomwona kuwa anatia chumvi. Mimi sioni hivyo. Mtu ambaye hajawahi kukutana na uovu wake ukiwa hauna sababu atasema ni mapeasi tu. Anaeleza pia kwamba angekuwa peke yake asingefanya, na hilo analiona kuwa sehemu ya fumbo.

Kitabu hichohicho, kwenye kurasa za mwanzo, kina picha nyingine. Amemtazama mtoto mchanga, ambaye bado hajui kusema, akimkazia macho ya wivu, uso umempauka, mwenzake anayenyonya titi lilelile. Augustino anasema kutokuwa na hatia kwa watoto kuko katika udhaifu wa viungo vyao, si katika nafsi zao. Nimemtazama mtoto wa namna hiyo. Nimeuona huo uso. Ila nilichokiona mimi kilikuwa hofu: hofu ya kiumbe asiyejua kama maziwa yatabaki. Labda wivu wetu wote huanzia hapo, katika hofu ya kutobakishiwa. Kati ya mtoto anayeogopa na mtoto mwenye hatia, hata hivyo, kuna umbali mrefu, na Augustino aliuvuka.

Alivukia wapi? Kwa sehemu, kwenye mstari mmoja wa Paulo. Warumi 5:12 unasema mauti iliwafikia watu wote "kwa sababu wote wamefanya dhambi". Ndivyo Biblia yetu ya Kiswahili inavyosoma, na ndivyo wengi wa wataalamu wa Kigiriki wanavyoufasiri leo. Lakini Augustino alisoma tafsiri ya Kilatini iliyosema in quo, "ambaye ndani yake" wote walifanya dhambi. Yaani ndani ya Adamu. Sisi sote tulikuwamo ndani ya mtu yule mmoja alipokula, kwa hiyo sote tulikula. Sidai kwamba fundisho zima limesimama juu ya maneno mawili ya Kilatini. Augustino alikuwa na sababu nyingine, mojawapo ikiwa kwamba Kanisa tayari lilibatiza watoto wachanga kwa maondoleo ya dhambi, naye akauliza: dhambi ipi? Lakini nikifikiria uzito uliobebeshwa juu ya "ndani yake" na "kwa sababu", nahisi kizunguzungu.

Mpinzani wake mkuu alikuwa Pelagio, mtawa kutoka Uingereza aliyeishi Roma, akakimbia pamoja na wengi mji ulipotekwa na Wagothi mwaka 410. Pelagio alichukizwa na Wakristo waliojificha nyuma ya udhaifu wao. Kama Mungu ameamuru, alisema, basi yawezekana kutii; kila mtu huzaliwa kama Adamu alivyokuwa kabla ya kuanguka, na Adamu alituharibia kwa mfano mbaya tu. Baraza la Karthago lililaani mafundisho hayo mwaka 418. Kuna wakati nilikuwa upande wa Pelagio kwa moyo wote. Anamheshimu mtoto mchanga. Kilichonitoa kwake ni redio. Mimi sikuiga mfano wa mtu. Na baadaye, nilipokuwa mkubwa na kuazimia kabisa kutosema uongo wa kujiokoa, niliusema tena, na tena, wakati mwingine kabla sijajua kuwa nimeshafungua mdomo. Paulo anasema lile jema alipendalo halitendi, na baya asilolipenda ndilo atendalo. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba anaweza akitaka, umempa mzigo na kumnyang'anya fimbo ya kutembelea.

Kwa hiyo nilikuwa nimesimama katikati ya hawa wawili, nikidhani ni suala la vitabu. Ndipo dada yangu akajifungua.

Mtoto aliishi siku tisa. Moyo wake haukuwa umejengeka sawasawa, na waliomhudumia walijitahidi kadiri walivyoweza. Nilimbeba siku ya sita. Alikuwa na ukucha wa kidole kidogo usiofika hata ukubwa wa punje ya mchele, na alikishika kidole changu kwa nguvu ambayo sikuitegemea. Siku ya maziko, mama mmoja wa kanisani, mtu mwema aliyekuwa amekaa na dada usiku kucha, alimwinamia akauliza kwa sauti ya chini, "Alikuwa ameshabatizwa?" Dada akasema, "Bado." Yule mama akatikisa kichwa taratibu, akatazama sakafu.

Hakuongeza neno. Lakini dada aliielewa ile sakafu, na mimi niliielewa. Swali lile lilikuwa limesafiri zaidi ya miaka elfu moja na mia tano kumfikia. Augustino alifundisha kwamba watoto wanaokufa bila ubatizo wanahukumiwa, ijapokuwa kwa adhabu iliyo nyepesi kuliko zote. Wanateolojia wa Zama za Kati hawakuweza kulivumilia hilo, wakazungumza juu ya limbo, mahali pasipo maumivu na pasipo kumwona Mungu. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia ya Kanisa Katoliki ilitoa waraka uliosema kuna sababu nzito za kutumaini kwamba watoto hao wanaokolewa. Na Katekisimu ya Kanisa hilo, ya mwaka 1992, inaeleza kwamba dhambi ya asili huitwa dhambi kwa namna ya mlinganisho: ni dhambi iliyopokewa, si iliyotendwa, ni hali, si tendo, na kwa mzao yeyote wa Adamu haina sifa ya kosa lake binafsi. Nilimsomea dada maneno hayo wiki kadhaa baadaye. Alisikiliza, akasema, "Kumbe walikuwa wanajua." Alilia kwa namna ambayo hakulia kaburini.

Sina hasira na Augustino tena. Yeye mwenyewe alikuwa baba. Mwanawe Adeodato, ambaye jina lake maana yake ni "aliyetolewa na Mungu", alibatizwa pamoja naye Milano mwaka 387, akafa kijana bado. Huwa najiuliza kama mtu aliyemzika mwanawe akiwa amebatizwa alihitaji kushikilia kwamba ubatizo ule ulikuwa ndio kila kitu. Hilo ni wazo langu tu.

Lakini kuna jambo nililosema moyoni siku ile kaburini na sijaliondoa: mtoto huyu hana hatia ya lolote. Nabii Ezekieli aliliweka wazi kuliko ninavyoweza. Watu wake walikuwa na methali kwamba baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yametiwa ganzi, naye akawaambia waiache methali hiyo: mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Na wanafunzi walipomwonyesha Yesu kipofu wa tangu kuzaliwa, wakauliza nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, jibu lilikuwa kwamba si yeye wala wazazi wake. Wanafunzi walikuwa na swali lilelile la yule mama. Walitaka maumivu yawe na mkosaji.

Mara nyingi tunapouliza uovu ulitoka wapi tunachanganya mambo mawili yasiyofanana. Moyo wa yule mtoto ni moja. Tetemeko lililoiangusha Lisbon, mji mkuu wa Ureno, tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, ni hilohilo: ardhi ilisogea, moto na mawimbi vikafuata, na wanafalsafa wa Ulaya wakabaki wakibishana kama kweli huu ni ulimwengu bora kuliko yote yanayowezekana. Kwa mateso ya namna hiyo sina maelezo, na Ayubu hakupewa. Nakataa tu kumtafutia mkosaji.

Skrubu kando ya mto ni jambo la pili, na hili lina mkosaji. Augustino, aliyekaa miaka kama tisa na Wamani walioamini kwamba nuru na giza ni falme mbili zinazopigana, aliishia kusema kwamba uovu si kitu. Ni upungufu wa wema, kama giza lilivyo upungufu wa nuru, kama tundu kwenye nguo. Kwa muda mrefu fikra hiyo ilinituliza. Kisha nikaikumbuka mikono yangu. Uovu wangu ulikuwa na ufundi. Ulijua pa kuiweka skrubu, ulijua kunyata. Nadhani Augustino angenijibu kwamba ufundi ule, akili ile, hata uwezo wa kukisia mama atatazama wapi, vyote ni vyema na vimetoka kwa Mungu. Kilichokosekana ni upendo wa kuviongoza. Sawa. Tundu halina kitu ndani yake, lakini lina umbo, na umbo la tundu langu lilikuwa mdogo wangu.

Wengine husema tusisumbuke na bustani, tumeyarithi haya kutoka kwa wanyama. Kati ya mwaka 1974 na 1978 mtafiti wa sokwe Jane Goodall na wenzake walishuhudia huko Gombe, Tanzania, kundi moja la sokwe likiwaua, mmoja baada ya mwingine, madume wa kundi lililojitenga nalo. Sokwe waliokuwa wakichanana manyoya miaka michache kabla. Naamini tumebeba mengi ya namna hiyo mwilini. Lakini bado sijasikia sokwe aliyekosa usingizi kwa alichokifanya mchana. Mimi usiku ule nililala kitanda kimoja na mdogo wangu, namsikia akivuta kamasi, na nilikuwa macho.

Waislamu wana kisa hichohicho cha bustani, na nilipokisoma kwa makini katika Kurani niliona tofauti moja iliyonishika. Adamu na mkewe wanateleza wote wawili kwa pamoja, hakuna anayetangulizwa. Na wanapoulizwa, katika sura ya Al-Aaraf, hawaelekezi kidole kwa yeyote. Wanasema, "Tumejidhulumu nafsi zetu", wanaomba msamaha, na kwingineko Kurani inasema Mola alipokea toba ya Adamu. Hivyo hakuna hatia inayobaki ya kurithisha, na kila nafsi hubeba mzigo wake. Anayemlaumu mwingine katika kisa hicho ni Iblisi: amekataa kumsujudia Adamu kwa sababu yeye ni wa moto na Adamu ni wa udongo, na akishafukuzwa anamwambia Mungu kwamba ni Yeye aliyempoteza. Kiumbe mmoja anasema "umenipoteza". Wawili wanasema "tumejidhulumu". Mimi ni Mkristo na sitajifanya kuwa kitu kingine, lakini nimemwonea wivu Adamu yule. Ningependa babu yangu awe amejibu hivyo.

Kanisa la Mashariki nalo, la Waorthodoksi, halikumfuata Augustino hadi mwisho. Wao husema kutoka kwa Adamu tumerithi mauti na udhaifu unaotokana na mauti, ila hatia yake ni yake. Nilipolikuta fundisho hilo nilihisi kama mtu aliyepewa jina la ugonjwa aliokuwa nao muda wote. Hatia hairithiwi. Madhara yanarithiwa. Tunazaliwa ndani ya nyumba ambayo tayari mtu fulani ameweka skrubu mahali, na tunaamshwa usingizini kuulizwa.

Niliandika sentensi hiyo katika daftari langu miaka michache iliyopita, nikaona nimefika. Kisha nikaamua kumpigia simu mdogo wangu.

Tulikuwa hatujawahi kuzungumza juu ya redio. Yeye sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Kwa miaka yote, nyumbani alijulikana kama mharibifu, mama alikuwa akisema kwa upendo kabisa, "Huyu usimpe kitu, mikono yake." Akiwa shule alikwepa maabara. Mpaka leo kitu kikiharibika kwake humwita fundi kabla hajakitazama. Nilijua haya yote, na sikuwa nimeyaunganisha. Au niliyaunganisha na nikayaacha.

Nikamwambia, "Ile redio ya baba, unaikumbuka?"

"Naikumbuka sana, kaka. Si nilikata ule uzi?"

Nilidhani sikumsikia vizuri. Nikamwuliza anakumbuka nini hasa. Akaanza kunisimulia. Alikumbuka kifuniko cha nyuma. Alikumbuka uzi ulivyokuwa mwembamba, na mshale ulivyoanguka. Alikumbuka, alisema, jinsi alivyoogopa. Miaka thelathini na zaidi alikuwa amebeba kumbukumbu ya kitu ambacho hakukifanya, imejaa hadi pembeni, na sehemu zake nyingine zilikuwa kweli kwa sababu baba aliipeleka redio kwa fundi na sote tuliona ikifunguliwa. Alikuwa ameambiwa mara nyingi mno kwamba ni yeye. Mahali fulani njiani alikubali, na alipokubali, akili yake ikamtengenezea picha.

Nimesoma sana juu ya jinsi hatia ya mtu mmoja inavyoweza kumfikia asiyehusika. Kwa mbegu, alisema Augustino. Kwa mfano mbaya, alisema Pelagio. Mimi nilikuwa nimeifikisha kwa mkono wangu, na ilipokelewa, ikakua, ikawa yake. Na wakati wote huo nilikuwa nikijiona kama mrithi.

"Si wewe," nilisema. "Ni mimi niliyekata uzi. Nikaweka skrubu kwenye mto wako."

Alikaa kimya. Nilisikia mmoja wa wanawe akimwita kwa nyuma na yeye akimwambia asubiri. Nilitaka aseme amenisamehe, na nilitaka aseme haijalishi, na nilijua kwamba akisema lolote kati ya hayo mawili haraka nitakuwa nimemtwisha tena kazi yangu. Hakusema. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mtu anayepapasa gizani kutafuta ukuta.

"Lakini naukumbuka ule uzi," alisema. "Nauona kabisa. Sasa mimi nilikuwa wapi?"

Nikaanza mwanzo. Nikamwambia ilikuwa mchana, baba hayupo, mama yuko nje. Nikamwambia habari ya kisu, na skrubu nne, na uzi ulivyokatika mikononi mwangu. Akaniuliza tena, polepole, yeye alikuwa wapi.

"Ulikuwa umelala," nilisema. "Wewe ulikuwa umelala."